Kipande Kimoja Si Hati



Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lenyewe limehamia kwenye kompyuta, nalo husafiri kwa barua pepe. Likisafiri, mara nyingi halisafiri zima. Hukatwa vipande, kila kipande kikapanda gari lake. Leo nataka tuzungumzie vipande hivyo: namna ya kuvikusanya, na nani mwenye wajibu wa kuvihesabu.

Kwanza tujiulize, kwa nini hati hukatwa? Ukurasa mmoja wa A4, ukipigwa skani kwa rangi kwa kipimo cha nukta 300 kwa inchi, una nukta karibu milioni 8.7. Kila nukta huchukua baiti tatu, yaani jumla ya megabaiti 26 kabla ya kubanwa. Kompyuta huubana ukurasa huo ukawa mdogo zaidi, lakini kurasa hamsini bado ni mzigo. Mlango nao ni mwembamba. Gmail, kwa mfano, haimruhusu mtumaji kuambatisha zaidi ya jumla ya megabaiti 25 katika barua moja. Isitoshe, barua pepe ilibuniwa kubeba maandishi. Utaratibu wa mwaka 1992 uitwao MIME uliiwezesha kubeba picha, kwa kugeuza kila baiti tatu kuwa herufi nne. Kwa hiyo mzigo huongezeka kwa theluthi moja ukiwa njiani. Mtumaji afanyeje? Anakata.

Ubaya hauko katika kukata. Ubaya uko katika kutohesabu. Namfahamu mama mmoja mjane aliyekuwa akifuatilia mafao ya marehemu mumewe. Binti yake aliyeko Mwanza alipiga skani kurasa 42, akazituma katika barua tatu. Ofisi ikaona mbili. Ya tatu, iliyobeba cheti cha ndoa, haikuonekana. Karani akaandika juu ya jalada neno moja: "Halijakamilika". Jalada likarudi kabatini. Kwa miezi minne yule mama alilipa nauli na kuambiwa aje wiki ijayo. Hakuna aliyemwambia kinachokosekana ni nini. Siku alipoambiwa, binti alifungua orodha ya barua alizokwisha kutuma, akaikuta ile ya tatu ikiwa nzima, akaituma upya. Ikafika siku hiyo hiyo. Miezi minne, msikilizaji, kwa kazi ya dakika tano!

Sasa tuje kwenye namna ya kuvikusanya. Vipande viko vya aina mbili. Aina ya kwanza ni kurasa zilizogawanywa: kiambatisho hiki kina ukurasa wa 1 hadi wa 10, kile cha 11 hadi 20. Kila kimoja hufunguka peke yake. Kazi yako ni kuvipanga kwa namba na kutazama kama kuna ukurasa uliorukwa. Aina ya pili ni faili moja lililokatwa kama muwa. Majina ya vipande vyake huishia na 001, 002, 003 na kuendelea. Hapo kidole kimoja hakivunji chawa. Usikimbilie kusema faili limeharibika. Vihifadhi vyote katika folda moja, usibadili jina la hata kimoja, kisha fungua kile cha kwanza kwa programu ya kuunganisha, kama 7-Zip, ambayo hupatikana bure. Kikikosekana kimoja, omba hicho hicho. Hakuna haja ya kumrudisha mtu kwenye mashine ya skani na kurasa zake 42. Kabla ya kuomba, tazama pia sanduku la barua taka, maana barua nyingi njema hutupwa humo.

Ukishaunganisha, usizifute barua zilizoleta vipande. Hapa Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi, lakini mahakama hutazama zilivyotengenezwa, zilivyotunzwa na kama zimebaki bila kuchezewa. Barua yenye jina la mtumaji na tarehe husaidia kueleza hati ilikotoka. Na karatasi yenyewe, ndugu yangu, isitupwe kwa sababu tu imekwisha kupigwa skani.

Dawa ya yote haya ni ya kale, nayo haihitaji umeme. Mwenye duka la jumla akipeleka magunia kwa lori huandika idadi, na anayepokea huhesabu kabla ya kutia saini. Mtumaji na aandike katika kila barua: hii ni ya 2 kati ya 3, kurasa zote ni 42. Mpokeaji na ahesabu siku ile ile, kisha ajibu: nimepokea mbili, ya tatu sijaiona.

Jibu hilo ni mstari mmoja tu. Lakini kwa mjane anayesubiri mafao, au kijana anayetetea shamba la baba yake, mstari huo ndio haki yenyewe. Karani anayeandika "halijakamilika" bila kusema kilichopungua ameandika nusu ya kazi yake. Nusu iliyobaki ni kumwambia mwenye jalada.