Paa Lisilotobolewa



Usiku mmoja tulimchukua mama mgonjwa kwa Land Rover kutoka Mpeketoni hadi Mokowe, ili avushwe kwenda hospitali Lamu. Tulipotaka kumwita nahodha kwa redio, kimya. Eriali ilikuwa imeanguka njiani. Kitako chake kilikuwa cha sumaku, na paa lile ni la alumini, ambayo sumaku haiishiki. Tuliifunga kwa kamba tu, kwa kuwa hatukutaka paa litobolewe. Mama akangoja gatini hadi alfajiri. Twamshukuru Mungu, alipona. Lakini saa zile hatujazisahau.

Baadaye fundi alitoboa tundu, akakwangua rangi mpaka alumini tupu ikang'aa, akaikaza eriali kwa nati. Tangu hapo sauti yetu ikafika.

Ndugu, wengi wetu twajifunga kwa Kristo kwa kamba ya desturi, tukiogopa Neno lake lisitutoboe. Mtikiso ujapo twabaki bila sauti, na aumiaye ni jirani. Siku ya Pentekoste Neno liliwapenya watu kwanza, ndipo wakauliza wafanye nini (Matendo 2:37).

Tuombe: Bwana, tutoboe, utukwangue, utukaze kwako. Amina.