Safari ya Familia Kurudi Kwenye Mahame

(Maneno yaliyotolewa mbele ya kamati za sharika na wageni wafadhili, Mwankoko, Singida)



Mmezoea kutusikia tukizungumzia visima, miche ya miti na ada za yatima. Leo tunaomba kuzungumzia safari ya familia kurudi ilikotoka.

Krismasi iliyopita tuliwapokea hapa Mwankoko watoto wa ndugu zetu waliozaliwa Dar es Salaam. Walifurahia Ziwa Singida na mawe yetu makubwa. Siku ya pili, mmoja wao wa darasa la tano akauliza, "Baba mkubwa, kaburi la baba yake babu liko wapi?" Tulinyamaza. Mzee aliyekuwa akitupeleka tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia, na sisi hatukuwahi kuweka alama. Tulizunguka nusu siku kwenye mashamba ya uwele. Tuliona jiwe la kusagia na tuta la udongo wa tembe iliyoanguka. Kaburi hatukuliona. Mama yetu aliketi juu ya lile jiwe, akalia.

Ndugu zangu, si sisi peke yetu. Wanyaturu waliishi katika miji iliyotawanyika, kila ukoo na tembe zake, zizi lake na mashamba yake. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilikusanya watu pamoja ili wapate shule, maji na zahanati. Yako mema tuliyopata. Lakini tembe zilibomoka, na makaburi yakabaki kwenye mahame. Waliokuwa watu wazima wakati ule, wengi wao sasa wamepita miaka 70. Kila tunapomzika mmoja, tunazika ramani.

Jibu la kwanza tulilipata mahali ambapo hatukutazamia: kitabu cha ubatizo cha usharika mmoja. Humo babu ameandikwa, pamoja na jina la baba yake na mahali walipokaa. Ukurasa uliofuata ulikuwa umeliwa na mchwa.

Wako wanaotuuliza, je, kwenda makaburini si kurudia matambiko? Swali hilo ni la haki. Sisi hatuendi kuwaomba wafu chochote. Tunakwenda kumshukuru Mungu kwa ajili yao, na Amri ya Nne katika Katekisimo yetu inatuagiza kuwaheshimu wazazi. Hata Yoshua alisimamisha mawe kumi na mawili ili watoto waulize maana yake. Mtoto wetu aliuliza. Wa kujibu ndiye aliyekosekana.

Safari hiyo si lazima iishie kwenye mji wa ukoo. Iramba ni mahali ambapo wamisionari wa Leipzig walianza kazi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na Waaugustana kutoka Marekani wakaiendeleza. Kilimatinde kuna boma la Wajerumani. Huko Kolo, Kondoa, iko michoro ya maweni iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Na watoto wanaokwenda kutazama mpira uwanja wa Liti, waelezwe kwamba Liti alikuwa mwanamke wa Kinyaturu ambaye, kama wazee wasimuliavyo, aliwapinga Wajerumani kwa nyuki.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu:

Kwanza, kila kamati ichague vijana wawili wawatembelee wazee na daftari, waandike majina ya ukoo, mahali pa mji wa zamani na alama zake.

Pili, familia zinapokutana Krismasi au Pasaka, zitenge siku moja kwenda kwenye mahame pamoja na watoto. Waombe ruhusa kwanza kwa anayelima hapo sasa. Tunakwenda kukumbuka, hatuendi kudai shamba. Ugomvi wa ardhi usiingizwe katika safari hii.

Tatu, kwa wafadhili wetu: kabati la chuma kwa kila usharika, vitabu vya ubatizo viepukane na mchwa. Si mradi mkubwa wa kupigiwa picha, lakini ndani yake mna majina ya watu wetu.

Mama yetu alipoinuka pale kwenye jiwe, aliwataka watoto walikumbuke. Mwaka huu tutarudi, na daftari mkononi.