Cheche ya blanketi na bidoni ya esansi

Ndugu msikilizaji, ukiwa Kavumu, Bwagiriza, Musasa au kambi nyingine yoyote, nazungumza nawe kutoka hapa Ruziba, kusini mwa jiji la Bujumbura, karibu na Ziwa Tanganyika. Tuzungumze kuhusu usalama wa nyumbani.

Nianze na swali. Umewahi kuvua sweta usiku ukasikia inalia ta-ta-ta, na gizani ukaona vicheche? Mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, binti yangu alilia akisema blanketi linamuuma. Jirani mmoja akaninong'oneza kwamba huo ni uchawi.

Si uchawi, wala si ugonjwa. Ni umeme tuli, yaani umeme uliokaa mahali pamoja bila kupita kwenye waya. Vitu viwili vikisuguana, kimoja hupokea chaji za umeme kutoka kwa kingine. Pamba na ngozi yenye unyevu huuachia umeme huo upesi. Nailoni, poliesta, plastiki na turubai huushikilia. Masika hewa ina maji, kwa hiyo umeme hupotea wenyewe. Kiangazi hewa ni kavu, umeme unajikusanya, na ukigusa mtu au chuma unaruka. Hiyo ndiyo cheche.

Cheche unayoihisi kidoleni huwa na volti kama 3,000 au zaidi, lakini haikudhuru, kwa sababu umeme wenyewe ni kidogo mno na unaisha kufumba na kufumbua. Ukitaka kuipunguza, mvalishe mtoto nguo ya pamba ndani ya sweta, mpake mafuta ngozi isikauke, na pangusa mkeka wa plastiki kwa kitambaa chenye maji.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye hatari. Miaka hii esansi imekuwa ngumu kupatikana Burundi, na watu wengi wanaibeba na kuiweka kwenye bidoni za plastiki. Hata kambini iko: ya pikipiki, ya mashine ya kusaga, ya jenereta ya kuchajia simu. Esansi hutoa mvuke hata wakati wa baridi. Huuoni, ni mzito kuliko hewa, na hutambaa chini kama maji. Mvuke huo unaweza kuwashwa na cheche ndogo kuliko ile unayoihisi kidoleni. Kwa hiyo usiseme, "Sikuhisi kitu, basi hakuna hatari."

Tena esansi yenyewe ikipita kwenye mpira au ikimiminika, inazalisha umeme. Bidoni ikiwa juu ya turubai, ndani ya gari au juu ya pikipiki, umeme huo hauna njia ya kwenda ardhini.

Basi tufanye hivi:

Moja. Miminia nje, mbali na jiko, taa ya moto na sigara. Watoto wakae mbali.

Mbili. Weka bidoni chini kwenye udongo kabla ya kuijaza. Usiijaze ikiwa imebebwa.

Tatu. Kabla ya kufungua kifuniko, gusa ardhi yenye unyevu kwa mkono mtupu. Usivue wala kuvaa sweta karibu na esansi.

Nne. Mimina polepole. Mdomo wa mpira uguse bidoni, esansi isianguke kutoka juu. Acha faneli ya plastiki, na usiweke kamwe esansi kwenye mfuko wa plastiki.

Tano. Usilale na esansi ndani ya nyumba. Mvuke wake hutambaa hadi kwenye makaa.

Na ikiwaka, usiimwagie maji, kwa sababu esansi huelea juu ya maji na moto husambaa. Moto ukiwa mdogo, ufunike kwa mchanga. Ukiwa mkubwa, toa watu kwanza. Kambini nyumba zimebanana, na moto wa nyumba moja ni moto wa mtaa mzima.

Ndugu msikilizaji, binti yangu sasa analala na shuka ya pamba chini ya blanketi, na halii tena. Leo jioni mweleze jirani yako mwenye bidoni: cheche ya blanketi tunaicheka, ya esansi haina mchezo.