Mamlaka Yagawanywe



Katika mwaka wa 1748 Montesquieu, Mfaransa aliyepata kuwa hakimu, alitoa kitabu kilichofundisha kwamba atungaye sheria, azitekelezaye na ahukumuye wasiwe mtu mmoja. Wakiwa mmoja, uhuru wa raia hupotea. Wazee wetu nao walisema kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani.

Fundisho hilo si la vitabuni tu. Tarehe 1 Septemba, 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya ilibatilisha ushindi wa Rais aliyekuwa madarakani, na uchaguzi ukarudiwa. Wako walioshangilia, wako walionung'unika. Lakini mahakama isiyoweza kumkatalia mtawala haiwezi kumlinda mnyonge. Basi na tuiheshimu hukumu ya haki hata inapotuumiza, kwani ngao ya jirani leo ni yetu kesho.