Injini ya Probox Yako: Vipimo Vyake na Magonjwa Yake

Maandishi ya mazungumzo ya fundi wa karakana ya magari ya kaunti kwa madereva wa teksi, wachukuzi wa mizigo na mafundi wa jua kali.



Niliombwa nizungumze nusu saa kuhusu utunzaji wa magari. Magari ni mengi na nusu saa ni fupi, kwa hivyo nimechagua injini moja tu. Nilipoegesha hapa nje nilihesabu magari kumi na manne, na kwa macho yangu tisa kati yao yanabeba injini hii. Ni ile ya Toyota iitwayo 1NZ-FE. Iko kwenye Probox na Succeed, Fielder na Axio, Premio na Allion za 1500, Sienta, na baadhi ya Vitz. Kama huna hakika, fungua boneti usome kibati cha gari. Aina ya injini imeandikwa pale. Probox ya 1300 ina injini nyingine, na baadhi ya Fielder za tangu 2015 pia zina nyingine. Mengi nitakayosema yanazihusu hata hizo, ila spea zake si zile zile, na usikubali kuuziwa kwa kukisia.

Vipimo nitavipitia haraka. Ina silinda nne zilizojipanga kwa mstari, ujazo wake ni sentimita za ujazo 1,496. Kipenyo cha silinda ni milimita 75, na pistoni hupanda na kushuka milimita 84.7. Valvu ni 16, kamshafti mbili zinakaa juu, na zinazungushwa na cheni badala ya mkanda. Mgandamizo ni 10.5 kwa 1. Nguvu yake ni kama farasi 109, lakini hizo huzipati mpaka injini izunguke mara 6,000 kwa dakika, jambo ambalo dereva wa mizigo hapaswi kulitafuta. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2.

Kuna vipimo viwili ningependa mviandike. Cha kwanza: ukimwaga oili na kubadilisha filta, injini hii inameza lita 3.7. Mkebe unaouzwa dukani ni wa lita 4. Fundi wengi humimina mkebe wote, kisha huutupa. Jamani, ile iliyobaki ni yako, umeilipia. Iweke nyuma ya kiti uongezee baadaye. Cha pili: bloki yake ni ya aluminiamu, na ndani ya kila silinda kuna mkono mwembamba wa chuma uliomiminwa pamoja na bloki. Kiwanda hakikuikusudia injini hii ichongwe na kutiwa pistoni kubwa zaidi, kama tulivyofanya na injini za zamani. Ikikwaruzika ndani, kwa kawaida safari yako inaishia kwa muuzaji wa injini za mtumba kutoka Japani. Ndiyo maana nasema hii ni injini ngumu sana kwa anayeitunza, na haina huruma kwa anayeipuuza.

Sasa tuzungumze juu ya oili, kwa sababu hapo ndipo pesa zenu zinapopotelea.

Mwaka jana aliletwa kwetu kijana mmoja anayesomba maziwa kwa Probox. Gari lilikuja likivutwa kwa kamba. Aliniambia, "Mzee, taa nyekundu ya oili iliwaka nikiwa mlimani, nikasema nitaongeza oili nikifika mjini." Mjini palikuwa kilomita sita. Hakufika. Tulipofungua sampu tulikuta beringi za konrodi zimeyeyuka na kuwa vipande vya bati. Gari lilikuwa la mkopo wa sacco, na alikuwa amebakisha miezi kumi na minane ya kulipa.

Kijana yule si mjinga. Aliamini yale ambayo wengi wenu hapa mnaamini, kwamba taa ile inapima kiasi cha oili. Haipimi kiasi. Inapima msukumo. Ikiwaka injini ikiwa inanguruma, maana yake oili haifiki kwenye beringi sasa hivi, na chuma kinasuguana na chuma. Hakuna kilomita sita wala kilomita moja. Toka barabarani, zima injini, halafu ndipo uchomoe kijiti cha kupimia. Wakati mwingine utakuta oili imejaa na kasoro ni swichi yenyewe ya msukumo, ambayo kwenye injini hii huvuja na kuharibika. Swichi ni bei ndogo. Lakini usikisie ukiwa unaendesha.

Kwa nini oili ilikuwa imepungua bila yeye kujua? Kwa sababu injini hii, hasa zile za miaka ya mwanzo na zile zilizocheleweshewa oili, huanza kula oili. Ringi ya chini kabisa kwenye pistoni kazi yake ni kukwangua oili kutoka ukutani na kuirudisha chini kupitia vitundu vidogo. Oili ikichakaa inageuka masizi, masizi yanaziba vitundu, ringi inaganda, na oili inapanda juu kuungua pamoja na petroli. Halivuji hata tone chini ya gari, kwa hivyo mwenye gari anajiona yuko salama. Dalili ziko kwenye ekzosi. Moshi wa bluu unaotoka asubuhi tu ukiwasha, kisha ukaisha, mara nyingi ni sili za valvu. Moshi unaotoka ukikanyaga mafuta kupanda mlima ni ringi. Gari likifikia kula lita moja kwa kila kilomita 1,000, pimeni kompresheni kabla ya kuamua lolote, na msikubali kuambiwa dawa ya chupa itaponya ringi iliyoganda miaka mitano.

Mimi hubadilisha kila kilomita 5,000 kwa gari la kazi, oili ya 5W-30, na filta kila mara. Najua kuna vitabu vinavyoruhusu zaidi ya hapo kwa gari linalotembea barabara nzuri bila mzigo. Yenu hayatembei hivyo. Na kijiti kichomolewe kila Jumatatu asubuhi, injini ikiwa baridi, gari likiwa mahali tambarare. Ukimaliza mkebe, utoboe kabla ya kuutupa. Kuna watu huokota mikebe mizima na kuijaza wanachojua wao.

Oili chafu huleta tabu nyingine mbili. Injini hii ina mtambo uitwao VVT-i unaobadilisha wakati wa valvu kufunguka, na unaendeshwa na msukumo wa oili kupitia valvu ndogo yenye kichujio. Kichujio kikiziba, gari linakuwa zito na taa ya injini inawaka. Kukisafisha ni kazi fupi, na nimeona watu wakiuziwa kamshafti nzima kwa sababu hiyo. Ya pili ni cheni. Watu husema cheni haibadilishwi. Ni kweli haina kilomita maalumu, lakini kikazio chake kinategemea oili. Ukisikia mlio wa kukwaruza upande wa mikanda kwa sekunde kadhaa kila asubuhi, usiongeze sauti ya redio.

Upande wa maji nitakiri kosa langu mwenyewe. Nikiwa mwanafunzi gerejini tulikuwa tunatoa themostati kwenye kila gari, tukiamini tunalisaidia lisichemke. Injini hii imetengenezwa ifanye kazi ikiwa na joto la nyuzi themanini na kitu, na themostati ndiyo inayolinda joto hilo. Ukiitoa, injini inabaki baridi kwa muda mrefu, kompyuta inaendelea kumwaga petroli nyingi, na petroli ile inaosha oili ukutani mwa silinda. Mwenye gari anakuja kulalamika kuwa linakunywa. Ikiharibika, weka nyingine. Na maji ya mtoni au ya bomba yasiwe ndiyo kinywaji cha kila siku cha rejeta. Yanaleta kutu na magamba. Tumia kulanti. Pampu ya maji ya injini hii huanza kuvuja polepole ikiacha alama ya rangi iliyokauka chini yake, nawe utaiona mapema kama kuna kulanti yenye rangi. Maji matupu hayaachi alama ya kukuonya. Ikichemka hedi ya aluminiamu inapinda, na hapo tumerudi kwa yule muuzaji wa mtumba.

Gari likianza kutetemeka na kukosa nguvu, mnasema "linamisi", mara nyingi ni koili. Kila silinda ina koili yake juu ya plagi. Mashine ya kusoma makosa ikitoa P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, mpaka P0304. Usinunue koili papo hapo. Hamisha koili ya silinda hiyo ipeleke kwenye nyingine, uwashe tena, usome. Kosa likihama na koili, koili ndiyo mbaya. Likibaki palepale, angalia plagi, kisha injekta. Kazi hiyo ni ya dakika kumi na haikugharimu kitu. Na vijana wa kuosha magari wanisikie: mashine ya maji yenye nguvu haielekezwi juu ya injini. Maji yanajaa kwenye visima vya plagi, na kesho yake koili mbili zimekufa.

Kama mambo yameshaharibika na unanunua injini ya mtumba, toa kifuniko cha oili utazame ndani kwa tochi. Chuma kikiwa cheusi chenye tope kama grisi, iache. Mita ya kilomita usiiamini, maana injini haiji na mita. Kumbuka pia kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye logbook. Ukibadilisha injini lazima uiarifu NTSA na rekodi ibadilishwe, na udai stakabadhi za injini hiyo kabla ya kutoa pesa. Dereva asiye nazo akisimamishwa hana la kueleza.

Nimeona mikono imeinuliwa kuhusu petroli na mizigo. Tutayajibu nje. Kuna Probox mbili pale chini ya mwembe ambazo wenyewe wamekubali tuzifungue, na injini sasa zimepoa vya kutosha. Aliye na kitambaa safi aje nacho, tutaanza na vijiti vya oili.