Hesabu Isiyofungika: Kalori, Mwili na Jiko la Pwani



Nimekuja kumtetea mtu mmoja mnayemjua wote. Ana daftari, au programu kwenye simu, na humo anaandika kila anachokula. Asubuhi chai na andazi, mchana wali na samaki, jioni muhogo. Anajumlisha kalori, anajinyima, analala na njaa. Wiki sita zinapita na mizani haijasogea, au imeshuka kilo mbili kisha ikarudi palepale. Akienda kutafuta msaada anaambiwa apunguze kula. Akijibu kwamba ameshapunguza, anatazamwa kama mtu anayeficha jambo. Anarudi nyumbani na uzito uleule, na fedheha juu yake.

Hoja yangu ni kwamba mtu huyu hajashindwa kujitawala. Amepewa hesabu ambayo haiwezi kufungika mikononi mwake, kwa sababu upande mmoja ni makisio na upande wa pili unaamuliwa na mwili wenyewe.

Mniruhusu niifikirie hoja hii kwa kutumia kisiwa chetu cha Shungimbili, huku Mafia. Hekta zake hazizidi sana 8, na mtu mwenye miguu mizuri hukizunguka kabla kahawa haijapoa. Tangu 2007 ni eneo tengefu la bahari, pamoja na Nyororo na Mbarakuni, na tangu 2016 kina nyumba moja ya wageni wa kifahari, ambao ulimwengu wao unakijua kwa jina la Thanda. Hakuna shamba la mpunga pale, wala soko. Mchele, mafuta na sukari hufika kwa boti, na kwa kuwa eneo tengefu halivuliwi, hata samaki wa kula inabidi atoke kwingine. Kama kuna mahali duniani ambapo hesabu ya kalori ingewezekana, basi ni hapo. Tumweke karani ufukweni na mizani yake, apime kila gunia na kila dumu linaloshuka, agawanye kwa idadi ya watu na siku. Je, mwisho wa mwezi ataweza kutwambia nani amenenepa na nani amekonda? Hataweza. Anajua kilichoshuka. Kilichotokea jikoni hakijui, na kilichotokea ndani ya miili ya watu hakijui kabisa.

Tuanze na jikoni. Kalori inayoandikwa kwenye pakiti ni joto linalotosha kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Katika miaka ya 1890, mwanakemia Wilbur Atwater wa Connecticut, Marekani, alichoma vyakula katika chombo cha chuma na kupima joto lake, akatoa kile kinachopotea kwenye kinyesi na mkojo, kisha akawaweka watu katika chumba maalumu na kupima joto la miili yao. Kazi hiyo ndiyo mzizi wa namba tatu zinazotumika hadi leo: gramu ya wanga kalori 4, ya protini 4, ya mafuta 9. Mwaka 1918 daktari Lulu Hunt Peters wa California aliwafundisha wanawake wa nchi yake waache kutaja vipande vya mkate na badala yake wataje kalori, na toka hapo namba zikaingia nyumbani.

Ni kazi ya heshima, nami siidharau. Lakini namba hizo ni wastani. Mwaka 2012 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walipima lozi zilizoliwa na watu halisi, wakakuta mwili unapata karibu robo moja pungufu ya kalori zilizokadiriwa, kwa sababu sehemu ya mafuta hubaki imefungwa ndani ya kuta za seli za mbegu na hutoka nazo kwenye kinyesi. Hiyo ni lozi, chakula kisichopikwa hata kidogo. Sasa njooni kwenye wali wa nazi.

Mama anakuna nazi mbili. Anakamua kasimile, anaiweka kando. Anatia maji, anakamua tui la pili, pengine la tatu, na chicha inakwenda kwa kuku. Mafuta kiasi gani yamebaki kwenye chicha? Inategemea ukomavu wa nazi, joto la maji, nguvu ya mkono, na kama leo kuna mgeni, maana mgeni hapikiwi kwa tui jepesi. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na wenzao wa Harvard walitoa majedwali ya vyakula vya Tanzania, na nawashukuru, kwani kabla ya hapo wengi wetu tulikuwa tukikopa namba za vyakula vya watu wengine. Hata hivyo jedwali haliwezi kuuona mkono wa mpishi. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120. Kati ya chapati iliyopakwa mafuta kidogo na ile inayong'aa, vijiko viwili hupotea bila mlaji kuona chochote.

Kisha chakula kinapakuliwa kwenye sinia. Watu watano wanakaa, wanakula kwa mkono, na adabu inataka umsogezee mwenzako kitoweo kizuri. Nani amekula kiasi gani? Programu ya simu inauliza gramu. Swali hilo limetungwa kwa ajili ya mtu anayekula peke yake kutoka pakiti, na sitaki kuona mama wa Kirongwe au Jibondo akijitenga na sinia la watoto wake ili aweze kulijibu.

Kwa hiyo ndiyo, anayehesabu hukosea, na hukosea kwa kupunguza. Mwaka 1992 timu ya watafiti wa New York iliwachunguza watu waliodai kwamba wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku na hawapungui. Ikaonekana kwamba walikuwa wakila karibu mara mbili ya walichoandika, na wakikadiria mazoezi yao kwa nusu zaidi ya ukweli. Utafiti huo umetumika kuwazodoa watu kwa miaka mingi, na hapo ndipo ninapokataa. Wataalamu wa lishe nao, watu wanaoishi kwa kazi hiyohiyo, walipopimwa waliandika pungufu ya walichokula, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi. Jicho la binadamu halikuumbwa kuona mafuta ndani ya mchuzi. Anayekosea hesabu ya aina hii hajasema uongo.

Sasa upande wa pili, ule wa matumizi. Hapa nchi yetu imetoa moja ya ushahidi mkubwa kuliko yote, na nasikitika kwamba Watanzania wachache wanaujua.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba watu wa mijini wananenepa kwa sababu wanachoma nishati kidogo: wanakaa, wanapanda magari, mashine zinawafanyia kazi. Herman Pontzer, mwanaanthropolojia wa Marekani, na wenzake, akiwemo Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliamua kupima badala ya kudhani. Walikwenda kwa Wahadza karibu na Ziwa Eyasi, watu wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Waliwapa watu wazima 30 maji ambayo haidrojeni na oksijeni yake zina uzito usio wa kawaida, kisha kwa siku 11 wakafuata jinsi alama hizo zinavyopungua kwenye mkojo. Kutokana na kupungua huko hujulikana mwili umetoa hewa ya ukaa kiasi gani, na hivyo umechoma nishati kiasi gani. Hakuna daftari wala kuulizwa mtu amekula nini. Ndiyo njia ya kuaminika kuliko zote tulizonazo kwa mtu anayeishi maisha yake ya kila siku.

Wanaume wa Kihadza walitembea zaidi ya kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6, ukiacha kuchimba, kupanda na kubeba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: ukizingatia ukubwa wa mwili, Mhadza hachomi kalori nyingi kwa siku kuliko karani wa mjini Marekani au Ulaya. Nawaomba mtulie kidogo kwenye jambo hili, maana linapindua tuliyofundishwa. Inaelekea mwili una bajeti. Ukitumia zaidi kwenye miguu, unabana kwingine, kwenye shughuli za ndani tusizoziona. Mwaka 2021 Pontzer na kundi kubwa la watafiti walikusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, wakakuta kwamba uchomaji wa nishati, kwa kulinganisha na ukubwa wa mwili, haubadiliki sana kati ya miaka 20 na 60. Kwa hiyo ile kauli kwamba ukifika 40 mwili unazimika haina msingi.

Mnaona linavyomgusa mtu wetu. Programu inamwambia: umetembea kutoka Kilindoni hadi uwanja wa ndege na kurudi, umejipatia kalori kadhaa, unaweza kuzila. Inamwongezea kwenye hesabu kitu ambacho mwili huenda umeshakifidia kimyakimya.

Na mwili haufidii mazoezi tu. Unaulinda uzito wake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Ancel Keys wa Minnesota aliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, kwa wiki 24, hadi wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Walisikia baridi, mapigo ya moyo yakapungua, wakawaza chakula usiku na mchana. Baadhi yao walisoma vitabu vya mapishi kwa saa nyingi. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman wa New York aligundua homoni ya leptini, inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kuuarifu ubongo akiba ikoje. Mafuta yakipungua, leptini hushuka, na ubongo hutangaza njaa. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne walionyesha kwamba mwaka mzima baada ya watu kupungua, homoni za njaa zilikuwa bado hazijarudi zilipokuwa. Na mwaka 2016 mtafiti Kevin Hall aliwafuatilia washiriki 14 wa shindano maarufu la kupunguza uzito kwenye televisheni ya Marekani: miaka sita baadaye, wakiwa wamepumzika, miili yao ilichoma takriban kalori 500 pungufu ya ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao.

Wekeni hilo kando ya ile kanuni ya tangu 1958, kwamba ukipunguza kalori 500 kwa siku utapoteza karibu nusu kilo kila wiki. Kanuni hiyo inachukulia mwili kana kwamba haujibu. Mwili unajibu kila siku. Mtu anayeendelea kula kiasi kilekile alichopangiwa mwezi wa kwanza hupungua polepole zaidi kadiri miezi inavyopita, na hajavunja ahadi yoyote.

Je, basi tule tutakavyo? Hapana. Kalori ni kitu halisi, na uzito wetu unapanda: katika uchunguzi wa kitaifa wa 2015 na 2016, wanawake 28 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Ninachosema ni kwamba tuhangaike na chakula chenyewe kabla ya namba zake. Mwaka 2019 Kevin Hall huyohuyo aliwaweka watu 20 hospitalini. Wiki mbili walipewa vyakula vya viwandani, wiki mbili vyakula vya kupikwa kutokana na vitu vya asili, na wakaachwa wale wanavyotaka. Kwenye vyakula vya viwandani walikula kalori zipatazo 500 zaidi kila siku, na wakaongezeka uzito, bila kusikia tofauti ya shibe. Nikiangalia maduka yetu, biskuti, soda na juisi za unga zinasogea mbele, na samaki wabichi, kunde na mchicha vinarudi nyuma. Huko ndiko ningeelekeza nguvu: mafuta ya kukaangia, sukari ya chai, soda ya kila siku. Sinia libaki sinia.

Neno langu la mwisho ni kwa wauguzi na waganga wa zahanati zetu. Utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2002, uliwafuata watu 3,234 waliokuwa karibu kupata ugonjwa huo. Waliosaidiwa kubadili chakula na kutembea dakika 150 kwa wiki walipungua kilo chache tu, kati ya 5 na 6 kwa wastani, na bado hatari yao ya kuugua ilishuka kwa asilimia 58. Kutembea nako huusaidia moyo na sukari ya damu hata pale ambapo mizani haioni kitu. Basi mtu wetu mwenye daftari akija, mpimeni presha, mpimeni sukari, mpimeni kiuno, muulizeni analala vipi na anapikia mafuta gani, na muyaandike yote hayo kwenye kadi yake, kwenye ukurasa uleule na kilo. Mwezi ujao akirudi, muanze kumsomea yaliyobadilika.