Somo la Redio: Klachi Inayoteleza Katika Gari Lililoongezwa Nguvu

Ikiwa kikundi chenu kimekwisha kusanyika, mwenyekiti na aombe kimya kidogo, na mwandishi ashike kalamu, maana leo tuna hesabu fupi ya kuandika.

Somo hili limetokana na barua. Msikilizaji wetu mmoja, ambaye sitamtaja jina, ana pikapu anayopakilia mpunga na abiria kati ya Malinyi, Lupiro na Ifakara, na mara nyingine hupanda nayo mpaka Mahenge. Ni Land Cruiser ya injini ya 1HZ, yaani injini ya dizeli yenye silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, ambayo kiwandani haikuwekewa turbo. Baada ya mavuno alimwita fundi, akamfungia turbo na kuirekebisha pampu ili itoe dizeli nyingi zaidi.

Anasema kuwa kwa wiki chache alifurahi mno, gari likipanda mlima kama halina mzigo. Kisha mambo yakageuka. Akikanyaga mafuta mlimani, injini inalia lakini gari haliendi, na harufu ya kuungua inawafikia abiria walioko nyuma. Amekwisha kubadili sahani ya klachi mara mbili, na fedha za sahani ya pili alikopa. Sasa anauliza: "Je, nauziwa sahani za bandia? Ninunue ya tatu?"

Jibu langu ni hili: ndugu yangu, usinunue kitu chochote bado. Kwanza tujue ugonjwa, kisha tutafute dawa.

Klachi hufanya kazi gani? Kila msikilizaji na aweke viganja vyake viwili pamoja, avibane, kisha akisukume kiganja kimoja mbele. Umeona kwamba kiganja cha pili kimefuata? Sasa legeza kidogo, usukume tena. Mara hii kimoja kimeteleza juu ya kingine, na viganja vimepata joto. Klachi ni hivyo hivyo. Upande mmoja kuna gurudumu zito la injini, ambalo mafundi huliita flaiwili. Upande wa pili kuna kifuniko chenye springi, presha pleti. Katikati imebanwa sahani, ambayo ndiyo inayozungusha mhimili wa giaboksi. Ukikanyaga pedali, springi inaachia. Ukiinua mguu, springi inabana, na nguvu ya injini inapita mpaka kwenye magurudumu.

Basi, uwezo wa klachi wategemea mambo manne: ukali wa springi, upana wa sahani, ukavu na ukwaruzo wa lainingi yake, na idadi ya nyuso zinazoshikana. Wavuvi wa Mto Kilombero wanalifahamu jambo hili. Mkono ulioshika upondo mkavu husukuma mtumbwi. Mkono huo huo ukiwa na mafuta ya samaki, upondo hupita tu kiganjani, hata mwenye mkono awe na nguvu namna gani.

Sasa tuandike hesabu. Hii ni mifano ya kujifunzia tu, si vipimo vya gari hili au lile. Tuseme injini ilipotoka kiwandani ilikuwa na nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 280. Mtengenezaji akaipa klachi inayoweza kubeba 350, ili pawe na akiba ya robo. Fundi akafunga turbo, na nguvu ikapanda mpaka 400. Je, klachi imeongezwa? La. Ni ile ile ya 350. Hata ukifunga sahani mpya, halisi, yenye muhuri wa kiwanda, nayo ni ya 350 vile vile. Nguvu ya 400 ikija, klachi haina budi kuteleza.

Na ikiteleza, nguvu ile inakwenda wapi? Inageuka kuwa moto. Tuseme injini inazunguka mara 600 kwa dakika zaidi ya sahani, na klachi inashika kwa nguvu yake yote ya 350. Joto linalotoka hapo ni kama kilowati 22, sawa na majiko 22 ya umeme ya kilowati moja moja, yamewashwa pamoja ndani ya chombo kisichozidi upana wa ungo. Lainingi ikipata joto kali hupungua mshiko wake, kwa hiyo huteleza zaidi, na kuteleza huongeza joto. Ndiyo sababu sahani ya pili haikuishi.

Wazee walisema, nguvu ya mamba ni maji. Hali kadhalika, nguvu ya injini ni klachi. Injini isiyoweza kufikisha nguvu yake barabarani ni mamba aliye nchi kavu.

Hata hivyo, tusiihukumu turbo kabla ya kupima. Yawezekana gari lina ugonjwa mwingine mdogo, usiohitaji fedha nyingi. Fuateni hatua hizi kwa utaratibu.

Hatua ya kwanza, hakikisha kwamba ni klachi kweli. Tafuta barabara tambarare, kavu, isiyo na watu. Nenda kwa gia ya juu, mwendo wa wastani, kisha kanyaga mafuta mpaka chini. Kama mlio wa injini unapanda ghafula na gari haliongezi mwendo, klachi inateleza. Kwa gari lenye turbo, jambo hili huonekana kwanza pale turbo inapoanza kusukuma, kwa kuwa hapo ndipo injini inapozungusha kwa nguvu zaidi. Gia ndogo huweza kukudanganya, maana gari hupata mwendo upesi na nafasi ya kuteleza huwa fupi. Jaribu mara moja au mbili, kisha acha. Kila jaribio linakula sahani.

Hatua ya pili, tazama pedali. Katika magari ya waya au ya fimbo, pedali yapasa kuwa na mchezo kidogo kabla haijaanza kusukuma klachi. Kipimo chake kimo katika kitabu cha gari. Mchezo ukikosekana, klachi haibani sawasawa, ni kama mtu aliyeweka mguu juu ya pedali siku nzima. Katika magari yanayotumia mafuta ya breki, tazama kama pedali inarudi juu kabisa, na kama mafuta yanaweza kurudi kwenye kikopo chake. Njia ikiziba, presha hubaki ndani na springi haibani.

Hapa sina budi kuungama. Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikizunguka vijijini kwa kazi ya madarasa ya watu wazima, klachi ya gari niliyoendesha iliisha mapema. Nililaumu vipuri, nikalaumu barabara. Fundi mmoja mzee akaomba nimpeleke mwendo mfupi. Tulipofika hakunitazama usoni, alitazama mguu wangu wa kushoto, akasema, "Mwalimu, huo mguu wako haujashuka tangu tumeondoka." Nilikuwa nikiupumzisha juu ya pedali. Fundi hakunitoza chochote, lakini mpaka leo sijalisahau somo lake.

Hatua ya tatu, tafuta mafuta. Chini ya ganda linalofunika klachi kuna tundu. Likitoka oili nyeusi ya injini, pengine sili ya nyuma ya injini imekufa. Likitoka oili nzito yenye harufu kali, ni ya giaboksi. Sahani iliyolowa oili haitibiki kwa kuoshwa kwa petroli. Ibadilishwe, na sili ibadilishwe pia, la sivyo mpya italowa kama ile ya zamani. Usikubali mtu amwagie kitu chochote katika tundu hilo kwa madai ya kuipa klachi mshiko.

Wenye Land Rover za zamani nawapa neno lao maalumu. Gari hilo lina kizibo kidogo cha kufunga tundu hilo unapovuka maji. Tangu Daraja la Kilombero lilipofunguliwa mwaka 2018, hatungojei kivuko tena pale mtoni, lakini masika mabonde yetu bado yanajaa maji, na njia za mashambani hatuzivuki bila kulowa. Basi ukikifunga kizibo hicho, kumbuka kukitoa baada ya kuvuka. Ukikisahau, oili inayovuja hukusanyika ndani na kuifikia klachi.

Ikiwa pedali ni nzuri, mafuta hayavuji, na sahani ingali nene, hapo sasa twaweza kusema kwamba injini imeizidi klachi. Mwenye gari ana njia mbili za haki.

Njia ya kwanza ni kuirudisha injini nyuma: kupunguza dizeli na presha ya turbo, mpaka nguvu iingie ndani ya uwezo wa klachi. Njia hii ina gharama ndogo, na kwa gari la kubeba watu kila siku yafaa sana.

Njia ya pili ni kuiongeza klachi. Yapo magari yanayofungwa presha pleti ya springi kali zaidi. Hiyo hubana vizuri, lakini pedali huwa nzito na sehemu zinazosukuma klachi hupata taabu. Yapo yanayofungwa sahani pana zaidi, ikiwa flaiwili inaikubali. Ipo lainingi yenye madini au ya kauri, inayovumilia joto, lakini hushika kwa kishindo, na kuondoka polepole na mzigo kunakuwa kugumu. Magari ya mashindano huweza kufungwa hata sahani mbili. Yote hayo yana bei, na ukiimarisha klachi, kishindo huhamia mbele: kwenye giaboksi, mihimili na difu. Muulize fundi swali hilo kabla hajashika spana.

Tusidhani jambo hili ni la wenye pikapu peke yao. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7 tu. Mwaka 1966 na 1967 washindi walikuwa Bert Shankland na Chris Rothwell, katika Peugeot 404. Kwenye matope na vumbi la Safari haikutosha gari kuwa na mbio. Ilibidi kila kiungo kiweze kubeba kazi ya kiungo kilichokitangulia, kutoka injini mpaka tairi. Fundi anayeongeza nguvu mahali pamoja na kuuacha mnyororo uliobaki kama ulivyokuwa, amefanya nusu ya kazi.

Siku ya kufunga klachi, angalieni haya. Gari lisimame juu ya vigingi imara. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Vumbi la klachi lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo, kwa kuwa lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa maji. Flaiwili ikaguliwe: ikiwa ina nyufa, au madoa ya buluu ya kuungua, au imepinda, sahani mpya haitakaa juu yake. Mikono yenye grisi isiguse lainingi. Na kwa kilomita mia kadhaa za mwanzo, dereva aende taratibu, asipakie mzigo mkubwa, mpaka nyuso zizoeane.

Je, klachi ikianza kuteleza nawe u njiani? Punguza mafuta. Kaa chini ya mwendo ambao turbo husukuma. Ikiwa harufu imetoka, simama mahali salama, iache ipoe, na ushushe mzigo ikiwezekana. Mlimani usishindane nayo. Na ukiteremka usiitegemee injini kulizuia gari, kwa maana klachi inayoteleza wakati wa kupanda huweza kuteleza hata wakati wa kushuka, na hapo breki hubaki peke yake.

Ndugu yangu uliyeandika barua, hilo ndilo lililonifanya nikupe somo zima badala ya jibu la mstari mmoja. Sahani unaweza kukopa tena. Lakini watu wanaopanda nyuma ya pikapu yako kwenda Mahenge, mama mwenye mtoto na mzee anayekwenda hospitali, hawajui kitu juu ya turbo. Wanajua tu kwamba wamekupa nauli na wewe umeipokea. Mpaka utakapopima na kuchagua mojawapo ya njia zile mbili, usipakie abiria kwenda mlimani. Najua maneno haya ni mazito kwa mwenye deni. Lakini ni afadhali ukose nauli za wiki moja kuliko jambo lisilolipika.

Sasa, wanakikundi, zungumzeni maswali haya. Kwanza: kwa nini sahani mpya na halisi iliteleza katika gari la ndugu yetu? Pili: ni mambo gani ya kutazama kabla ya kufungua klachi, na kwa nini yatangulie? Tatu: fundi akiombwa kuongeza nguvu ya injini, yampasa amweleze nini mwenye gari? Mwandishi aandike majibu yenu, na kama kijijini kwenu yupo fundi, mwalikeni aje kuyasikiliza.